Mlio wa kompyuta usitoke kwenye spika za msikiti

Darsa linaendelea, msikiti umetulia, ghafla unasikika mlio wa Windows kutoka kwenye honi za mnarani. Kumbe mtu amechomeka fleshi tu. Kwenye laptopu yenyewe mlio huo ni mdogo. Lakini rekodi nyingi za mawaidha zina sauti ya chini, kwa hiyo fundi huipandisha kwenye mixa. Mlio wa kompyuta umerekodiwa kwa nguvu zake, basi ukipita njia hiyo hiyo unatoka mkubwa kuliko shekhe. Kwenye kumbi za harusi ni hivyo hivyo.

Kuzima sauti yote hakusaidii, kwani na rekodi inakatika. Inabidi ujue mlio unatoka wapi, uufunge huko huko.

Anza na Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Dirisha hili ni la zamani na hadi Windows 11 limebaki vile vile, ndiyo maana naliamini kuliko kurasa mpya za mipangilio zinazohamahama. Nenda Sounds. Katika orodha, kila tukio lenye kispika kidogo ubavuni lina mlio wake.

Juu kuna mpango unaoitwa No Sounds, unaonyamazisha matukio yote kwa mpigo. Kwa kompyuta ya msikitini au ya ukumbini siushauri. Umeme ukikatika, laptopu huhamia kwenye betri kimya kimya, na mara nyingi anayeendesha mitambo kakaa mbali na kioo. Kwa hiyo Low Battery Alarm na Critical Battery Alarm ziache zilie. Za kuzima ni Asterisk, Exclamation, Default Beep, Device Connect, Device Disconnect na Notification. Bonyeza moja, shuka chini penye jina la faili la sauti, chagua None, halafu nyengine. Toa na alama kwenye Play Windows Startup sound. Huo ni mlio wa kuwaka, hauzimwi kupitia orodha, na Windows 11 huja nao ukiwa umewashwa.

Kabla ya kufunga, bonyeza Save As uupe mpango wako jina, kisha Apply. Watu wengi huiruka hatua hii. Siku kijana akibadilisha mandhari ya kioo, milio yote inarudi, maana mandhari ya Windows hubeba na sauti zake. Ukiwa umehifadhi mpango, unauchagua tena kwa jina na kazi imekwisha.

Programu nyengine zina milio yao, na orodha hiyo haizigusi. WhatsApp uzime ndani ya mipangilio yake. Kivinjari ndicho chenye usumbufu zaidi: mtu aliwahi kubonyeza Allow kwenye tovuti fulani, na tangu hapo inatuma matangazo yanayolia kila baada ya muda. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications na uondoe kila tovuti usiyoitambua. Kwenye Windows 11, Windows na N hufungua paneli ya taarifa, na alama ya kengele iliyopo hapo huwasha hali ya kutosumbuliwa. Hali hiyo inaweza kujiwasha yenyewe unaponakili kioo kwenye projekta; ukikipanua badala ya kukinakili, haijiwashi. Na huzuia taarifa tu: mlio wa kuchomeka fleshi haumo.

Kama kibodi inalia kila ukibonyeza Caps Lock, hilo si tatizo la sauti. Mtu ameshikilia Num Lock kwa sekunde 5 akawasha Toggle Keys. Izime kwenye Accessibility, upande wa Keyboard. Na kama rekodi inafifia kila simu ya WhatsApp inapoingia kwenye kompyuta, rudi mmsys.cpl, nenda Communications, chagua Do nothing. Bila hivyo Windows hupunguza sauti nyengine kwa asilimia 80.

Upo mlio mmoja ambao usiuzime kabla ya kuuchunguza: ule wa kifaa kuingia na kutoka, ilhali hakuna aliyegusa kitu. Hiyo ni USB inayopoteza mguso. Hapa visiwani hewa ya bahari hula vibati vya ndani ya tundu, hasa kompyuta ikikaa karibu na dirisha. Badilisha waya kwanza, kisha tundu. Kama ni diski ya nje, huenda haitoshelezwi na umeme: tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Ukiunyamazisha mlio huo, diski itaendelea kukatika bila wewe kujua, na faili zitaharibika.

Dawa kamili ni kutenganisha njia. Tundu la hedifoni halitoshi, kwa sababu ukichomeka waya hapo laptopu nyingi huhamisha sauti yote. Tumia kadi ndogo ya sauti ya USB, au USB ya mixa yenyewe kama inayo. Ndani ya mmsys.cpl, kwenye Playback, spika za laptopu zifanye Default. Milio yote itapita huko. Halafu iambie programu ya kupigia rekodi itumie kadi: kwenye VLC ni Audio, kisha Audio Device. Kwa programu isiyokuwa na chaguo hilo, tumia Volume mixer ya Windows 11, lakini rekodi iwe inapiga, la sivyo programu haitaonekana kwenye orodha. Kadi ichomeke tundu lile lile kila siku. Ukiihamisha, Windows huweza kuiona ngeni na kuifanya Default, na milio ikarudi kwenye honi.

Jaribu kabla watu hawajaja. Teremsha mixa, piga rekodi, kisha ndani ya mmsys.cpl nenda Sounds, chagua Low Battery Alarm ambayo hukuizima, na ubonyeze Test. Mlio ukitoka kwenye laptopu peke yake, pandisha mixa.