Bei ya Kipande Hutoka Wapi? Kuhusu Mifuko ya Hati Fungani za Manispaa Zenye Riba Kubwa

Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi Marekani huniuliza mara kwa mara kama inafaa kuweka akiba katika mifuko ya pamoja ya hati fungani za manispaa zenye riba kubwa, yaani hati za mikopo zinazotolewa kwa jina la majiji, majimbo na mamlaka nyingine za umma, na karibu kila mara huanzia kwenye kodi. Riba ya hati hizo kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, msamaha unaofanana na ule ambao Kenya imekuwa ikiutoa kwa hati fungani zake za miundombinu. Anayetozwa asilimia 37 katika ngazi yake ya juu ya mapato, akipata asilimia 5 isiyo na kodi, angehitaji karibu asilimia 7.9 kutoka kwenye hati ya kawaida ili abaki na kiasi kile kile. Anayetozwa asilimia 12 angehitaji takriban asilimia 5.7 tu, na kwa maoni yangu nafuu hiyo ni ndogo mno kwake kulingana na hatari zilizopo.

Wengi hudhani kwamba mkopaji ni jiji lenyewe. Katika mifuko hii mara nyingi sivyo: mamlaka ya umma huweka jina lake kwenye hati, lakini anayelipa ni hospitali ndogo, makao ya wazee au mwendelezaji wa ardhi ambaye nyumba zake bado hazijajengwa, na mradi ukianguka mamlaka hiyo hailazimiki kufidia kwa kodi za wananchi. Zipo pia hati zinazolipwa kwa fedha ambazo kampuni za sigara huyapa majimbo kutokana na makubaliano ya mwaka 1998, na malipo yake hupungua kadiri uvutaji unavyopungua. Nyingi hupewa na kampuni za kupima uwezo wa kulipa daraja la chini ya BBB-, ambalo ndilo la mwisho kwa hati zinazohesabiwa kuwa na hatari ndogo, au hazina daraja kabisa.

Hata hivyo, linalonitia wasiwasi zaidi si mkopaji kushindwa kulipa. Mfuko wa wazi huahidi kununua tena vipande vyako, yaani sehemu zako za mfuko, siku yoyote ya kazi, na sheria huutaka ulipe ndani ya siku 7, ilhali hati zilizomo zinaweza kukaa miezi bila kuuzwa hata mara moja. Kwa hiyo bei ya kipande inayotangazwa kila jioni, kwa sehemu kubwa, ni makadirio ya kampuni za kupanga bei, wala si bei ambayo mnunuzi fulani amekubali kulipa siku hiyo. Oktoba 2000, mfuko mmoja wa Heartland, kampuni ya Milwaukee, ulikadiria upya hati zake, na thamani ya kipande ikaanguka kwa karibu asilimia 70 kwa siku moja. Hasara ilikuwa imejengeka kwa muda mrefu ndani ya bei zilizokuwa zikitangazwa. Machi 2020 wawekezaji walikimbilia kutoa fedha kwa pamoja, na mameneja wakalazimika kuuza walichoweza kuuza, yaani hati zao nzuri, huku waliobaki wakiachiwa zile ngumu.

Ndiyo maana, kabla ya kutazama mapato ya mwaka uliopita, mimi husoma taarifa ya mfuko nikitafuta mambo haya: sehemu ya hati zisizo na daraja, ukubwa wa dau kwa mkopaji mmoja, wastani wa muda wa kuiva (yaani muda uliobaki hadi mkopo urudishwe), na kama meneja amekopa ili kuongeza mapato. Muda wa kuiva una uzito wake wa pekee, kwa sababu hati ya miaka 25 au 30 hushuka bei vibaya riba za soko zinapopanda, kama ilivyotokea mwaka 2022, hata pale ambapo mkopaji analipa kila senti kwa wakati. Fedha ya karo au ya kujengea nyumba ndani ya miaka michache ijayo siiweki humo, wala simshauri mtu kuununua mfuko huu ndani ya akaunti yake ya kustaafu, ambayo tayari ina nafuu yake ya kodi.