Seli B: Kuzaliwa Kwake Ndani ya Mfupa na Namna Zinavyoamshwa

Mzazi anapompapasa mtoto anayeumwa koo, mara nyingi huhisi chini ya taya vinundu vinavyouma vikibonyezwa. Hizo ni tezi za limfu, na zimevimba kwa sababu ndani yake seli za kinga, zikiwemo seli B zinazotengeneza kingamwili (protini za kukabili vimelea), zinaongezeka kwa kasi. Seli hizo hazikuzaliwa hapo.

Chimbuko lake ni uboho wa mifupa, ingawa herufi B imetokana na bursa, mfuko mdogo ulio karibu na tundu la haja la kuku, ambao mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake walionyesha kwamba vifaranga wakiondolewa mfuko huo hushindwa kutengeneza kingamwili. Ndani ya uboho, kila seli B changa hukata vipande vya jeni zake na kuviunganisha upya ili iunde kipokezi cha kunasia vimelea. Kwa kuwa vipande huokotwa kwa kubahatisha, karibu kila seli hupata kipokezi chake cha pekee, kabla hata mwili haujakutana na kimelea chochote.

Kubahatisha huko kuna hatari, kwani vipokezi vingine huangukia kushika tishu za mwili wenyewe. Kwa hiyo kila seli hupimwa kabla ya kuondoka: inayoushika mwili wake hupewa nafasi ya kuunda upya sehemu ya kipokezi, na ikishindwa tena huuawa au hunyamazishwa. Zinazofaulu huingia katika damu, na nyingi hukamilishia ukomavu wake katika bandama. Njia hii ikizibika, madhara ni makubwa. Mwaka 1952 daktari Ogden Bruton wa Marekani alieleza kisa cha mvulana wa miaka 8 aliyeugua maambukizi ya bakteria tena na tena, na ambaye damu yake ilikosa kingamwili. Mwaka 1993 jeni inayohusika na maradhi hayo ilitambuliwa. Ikiharibika, seli B hukwama ndani ya uboho.

Seli iliyokomaa hulala ikisubiri, na kwa kawaida kunasa kimelea peke yake hakutoshi kuiamsha kikamilifu. Huvuta ndani kile ilichonasa, hukimeng'enya, kisha huweka vipande vya protini juu ya uso wake ili seli T saidizi, aina nyingine ya seli za kinga, ivikague. Seli T ikivitambua, hutoa idhini ya pili. Mimi naona sharti hili la idhini mbili kuwa ulinzi muhimu mno, maana seli iliyoponyoka kipimo cha kwanza bado inaweza kuzuiwa hapa.

Sharti hilo lina matokeo tunayoyaona kliniki. Bakteria kadhaa wa homa ya mapafu na wa homa ya uti wa mgongo wamefunikwa kwa utando wa sukari, na seli T saidizi kwa kawaida hutambua vipande vya protini. Seli B zinaweza kuamshwa na sukari hizo bila msaada, lakini kwa watoto walio chini ya miaka 2 mwitikio huo ni dhaifu. Ndiyo maana chanjo za watoto wachanga dhidi ya bakteria hao hutengenezwa kwa kuifunga sukari kwenye protini: seli B hunasa sukari, humeza vyote viwili, na seli T huitambua ile protini na kutoa msaada.

Baada ya kuamshwa, seli nyingi hukusanyika katika vituo maalumu ndani ya tezi, ambamo hubadilisha kidogo kidogo jeni za kipokezi na kushindania kimelea. Zinazokishika vizuri zaidi ndizo zinazoendelea. Baadhi huwa seli za kumbukumbu. Nyingine huwa seli za plazima, viwanda vyenye uwezo wa kumwaga maelfu ya kingamwili kila sekunde, na baadhi ya hizi husafiri kurudi katika uboho wa mifupa, ambako huweza kuishi miaka mingi zikiendelea kuzitoa.