Anayelala miezi bila kula na anayefunga Ramadhani: maswali na majibu kuhusu utumbo

Mwezi wa Shaaban nilizungumza na akina mama na vijana wa Konde, Pemba, juu ya tumbo na funga. Kijana mmoja alikuwa amesoma habari za wanyama wa nchi za baridi wanaolala miezi bila kula. Akaanza yeye kuuliza, na maswali hayakwisha mpaka ikaadhiniwa magharibi.

Mnyama akilala miezi bila kula, bakteria wa tumboni mwake wanakula nini?

Wanamla yeye mwenyewe, kidogo kidogo. Ukuta wa utumbo umefunikwa na ute, na ute huo una sukari ndani yake. Chakula kikiwapo, bakteria wengi huishi kwa nyuzinyuzi za mimea. Sasa mtazame kindi wa ardhini wa Marekani. Baridi ikiingia hujificha shimoni, na joto la mwili wake hushuka hadi kama sentigredi 5. Bakteria wanaotegemea mimea hupungua, na wale wanaoweza kula ute, kama Akkermansia, huchukua nafasi yao.

Mbona basi utumbo wake haupati mchochota?

Mchochota ni kinga ya mwili inapowaka: mahali panavimba, panapata joto, panauma. Kindi alistahili kuugua, maana utumbo wake husinyaa akilala, na bakteria wakipenya ukutani kinga ingelipuka. Lakini katika msimu huo seli za kinga huongezeka kwenye ukuta wa utumbo, na pamoja nazo hupanda interlukini 10, kemikali inayoituliza kinga. Ni kama walinzi wameongezwa mlangoni, wakaambiwa wasipige kelele.

Na bakteria nao hulipa kodi ya nyumba. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walionyesha kwamba bakteria wa kindi huyu huivunja yurea, uchafu ambao sisi tunautoa kwa mkojo, na naitrojeni yake ikarudi kujenga protini za mwili. Ndiyo maana anaamka na misuli yake. Nimeusoma utafiti huu mara nyingi na bado unanishangaza.

Dubu naye?

Naye bakteria wake hubadilika kwa misimu. Mwaka 2016 bakteria wa dubu kahawia wa Sweden walipandikizwa kwa panya wasio na bakteria. Panya waliopewa wale wa kiangazi walinenepa kuliko waliopewa wa wakati wa baridi.

Je, sisi tukifunga, bakteria wanatula ute?

Hapana, usihofu, mwanangu. Funga yetu ni saa 13 au 14, na chakula cha daku bado kinapita utumboni. Ninachokihofia mimi ni sahani ya futari.

Kuna panya waliowekewa bakteria wa binadamu kisha wakanyimwa nyuzinyuzi kabisa. Utafiti huo ulitoka 2016. Bakteria waliugeukia ute, ukawa mwembamba, na kijidudu cha maradhi kilipoingia kikapata njia. Panya si mtu, lakini jambo hili nalichukulia kwa uzito. Kindi ana kinga yake ya msimu. Sisi hatuna.

Nyuzinyuzi zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta ule, ambayo pia husaidia kupoza mchochota. Sambusa, bajia, mkate mweupe na juisi ya sukari huwaachia bakteria kidogo sana. Kunde, choroko, mbaazi, shelisheli, majimbi na mchicha huwashibisha. Vyote vinapatikana sokoni, na vingine viko nyuma ya nyumba.

Nani asijitibu kwa chakula tu?

Mwenye damu katika choo, anayeharisha wiki kadhaa, au anayekonda bila sababu aende hospitali. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo aonane na daktari kabla Ramadhani haijaandama.

Bibi mmoja: kunde hunijaza gesi mpaka naona haya kusali tarawehe.

Gesi hiyo ni bakteria wako wakila, bibi. Roweka kunde usiku kucha, umwage maji yale, uzipike mpaka zilainike kabisa. Anza na vijiko viwili vya kulia, uongeze polepole kila siku chache. Na uanze sasa, ndani ya Shaaban.