Pampu ya mafuta kwa gari la kabureta: tunayoambizana gereji na hali ilivyo

Mwenye Datsun 240Z, Escort Mk1 au Lancer ya zamani akitaka kuiongezea injini nguvu, huanza na vitu vinavyoonekana: kabureta za Weber, kamshafti kali, ekzosi pana. Pampu ya mafuta hukumbukwa mwishoni, gari likishaanza kukatakata kwenye gia ya nne. Hapo kila mtu gereji huwa na dawa yake, na nyingi kati ya dawa hizo ni dhana zilizorithiwa fundi kwa fundi bila kupimwa. Inafaa kuzipima, maana hapa hasara si mbio peke yake. Petroli ikimwagikia manifoldi ya moto, gari linateketea.

"Presha ikiwa kubwa, gari linakuwa na nguvu"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na inatokana na magari ya EFI, yaani yale ambayo mafuta hurushwa kwa injekta za umeme badala ya kabureta. Kwenye EFI presha ina kazi kubwa kweli: injekta hurusha mafuta kwa presha ya karibu bar 3, yaani psi (pauni kwa inchi ya mraba) 43 au zaidi. Kabureta haifanyi kazi hivyo. Ina bakuli dogo lenye boya ndani. Mafuta yakifika kimo chake, boya linapanda na kusukuma sindano inayoziba tundu la kuingilia. Kuanzia hapo mafuta hunyonywa na upepo unaopita kwenye koo la kabureta, kupitia jeti, kitundu kidogo kinachopima mafuta. Presha ya pampu inaishia kwenye ile sindano, jeti haina habari nayo. Kazi ya pampu ni moja tu: bakuli lisipungue.

Kwa hiyo presha sahihi ni ile ambayo boya linaweza kuihimili. Weber DCOE hupenda psi 2.5 hadi 3.5. Kabureta za SU hutaka kiasi hichohicho au pungufu kidogo. Holley za makoo manne za V8 za Kimarekani hustahimili psi 6 hadi 7. Ukiipa Weber presha ya Holley, boya linashindwa kufunga na kimo cha mafuta kinapanda kuliko alivyokusudia aliyechagua jeti. Utaona plagi zimejaa masizi meusi makavu na injini inakohoa ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, ujue mafuta yameshaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia chini, na beringi za krenki zinazunguka kwenye oili iliyochakachuliwa. Watu wengi wakifika hapa hubadilisha jeti kwanza. Wangefunga geji ya presha kwanza, wangeokoa pesa na wikendi.

"Pampu imeandikwa lita 400 kwa saa, itatosha na kubaki"

Lita zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa pampu ikimwaga bila kizuizi chochote. Pampu ya Holley ya buluu husifiwa kwa galoni 110 kwa saa, zaidi ya lita 400. Ikibanwa hadi psi 9, pampu hiyohiyo hutoa galoni 70. Kila pampu hupungukiwa hivyo presha inapopanda, zingine vibaya zaidi, kwa hiyo swali la kumwuliza muuza spea ni hili: inatoa lita ngapi kwenye presha ninayoitaka?

Na wewe unahitaji lita ngapi? Hesabu si ngumu. Injini ya petroli isiyo na turbo, ikikanyagwa hadi mwisho, hula karibu lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Injini ya L24, ile ya 240Z, iliyojengwa vizuri ikafika nguvu farasi 200 itataka kama lita 60 kwa saa. Ongeza theluthi kwa ajili ya filta kuchafuka, joto na betri kushuka, upate lita 80. Gari la aina hiyo halina haja ya pampu ya lita 400. Pampu kubwa kupita kiasi huzungusha mafuta bure, huyapasha joto, hula umeme na kuipa regulata (kifaa cha kushusha presha) kazi isiyo ya lazima. Anayetumia pombe ya ethanoli, kama E85, aongeze theluthi nyingine juu ya hapo, na wa methanoli azidishe kwa mbili.

Jambo moja hupita bila kuangaliwa na wanaojenga magari Nairobi. Kwa sababu ya mwinuko, injini isiyo na turbo hupoteza nguvu nyingi pale, na hivyo hula mafuta kidogo kuliko ikiwa usawa wa bahari. Pampu iliyotosha kabisa Nairobi inaweza kupungukiwa gari likiteremshwa Mombasa. Hesabu ya lita ifanywe kwa nguvu za pwani.

"Pampu ya injini ni ya kizamani, toa weka ya umeme"

Hapa nitaitetea pampu ya injini, maana inatupwa kwa haraka mno. Pampu inayosukumwa na kamshafti ina kiwambo cha mpira na springi. Kamshafti huvuta kiwambo, springi hukirudisha, na springi hiyo ndiyo inayoweka kiwango cha presha. Bakuli likijaa, kiwambo husubiri chenyewe. Haihitaji regulata wala rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na injini ikizimika nayo inasimama. Kwa gari la barabarani lililoongezwa nguvu kiasi, pampu nzima ya injini yenye kiwambo kipya inatosha kabisa.

Inaposhindwa, mara nyingi inashindwa kwenye kuvuta. Ipo mbele, tangi lipo nyuma, na katikati kuna bomba la mita tatu linalopita karibu na ekzosi. Hapo ndipo ya umeme inastahili nafasi yake.

Wapo wanaoamua kuweka zote mbili, ya umeme nyuma ikiisaidia ya injini. Uamuzi huo una hatari ambayo haitajwi. Kiwambo cha pampu ya injini kikipasuka, ile ya umeme itaendelea kusukuma petroli moja kwa moja ndani ya sampu ya oili, na dereva hataona tone lolote chini. Ukiweka ya umeme, toa ya injini na uzibe nafasi yake kwa bamba na gasketi.

"Pampu ya umeme ikae mbele, karibu na kabureta, iwahi kufikisha mafuta"

Pampu nyingi za umeme zinasukuma vizuri na kuvuta vibaya. Ukiifunga kwenye chumba cha injini umeifanya ivute kutoka nyuma, na tena umeiweka kwenye joto. Mafuta yanayovutwa presha yake hushuka, na petroli ambayo presha imeshuka huchemka mapema. Viungo vyake vyepesi huanza kuwa mvuke hata chini ya nyuzi 50. Panda nayo Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, na hali inakuwa mbaya zaidi. Pampu hujaa mvuke, mlio wake unabadilika na kuwa wa juu na mwepesi, gari linazima. Ndiyo maana kitambaa chenye maji juu ya pampu huliamsha gari lililogoma juani: mvuke unapoa na kurudi kuwa mafuta.

Ifunge nyuma, karibu na tangi, ikiwezekana chini ya kimo cha mafuta, na mbali na mawe yanayorushwa na tairi. Bomba lote la kwenda mbele litakuwa kwenye msukumo badala ya mvuto. Kabla ya pampu weka filta ya wavu mpana tu, kwa sababu filta ya karatasi upande wa kuvuta hugeuka kizuizi ikichafuka kidogo. Ile ya karatasi iwe baada ya pampu. Zile filta za plastiki angavu za bei ya chini zisikae juu ya ekzosi hata siku moja.

Ipo sababu nyingine isiyosemwa sana. Gari likiondoka kwa nguvu, mafuta yaliyo kwenye bomba husukumwa kurudi nyuma. Kwenye bomba la mita tatu, gari linalochomoka kwa nusu ya nguvu ya mvutano wa dunia hula karibu psi 1.6. Ukiwa umeweka pampu inayotoa psi 3 kamili huko nyuma, nusu yake imeshapotea njiani, palepale injini inapohitaji mafuta zaidi. Kwa hiyo mpangilio mzuri ni pampu yenye uwezo wa psi 6 au 7 nyuma, na regulata mbele karibu na kabureta, ikishusha hadi 3.

"Pampu ya EFI ni imara zaidi, regulata itaipunguza"

Si kwa regulata ya kawaida ya kabureta. Hiyo hufanya kazi kwa kuziba njia, na pampu ya EFI haikuundwa kuzibiwa. Presha itapenya taratibu hadi boya lishindwe. Ukiwa na pampu ya EFI mkononi na huna nyingine, utahitaji regulata ya kurudisha, iliyotengenezwa kwa presha ndogo za kabureta, pamoja na bomba la kurudi tangini lenye upana wa kutosha. Bomba la kurudi ni jambo zuri hata kwa pampu ndogo, kwa kuwa mafuta yanayozunguka hayakai kwenye joto la injini. 240Z ilitoka kiwandani ikiwa nalo, na wengi huliziba wakidhani ni uchafu wa zamani.

"Geji inasoma 3, basi kazi imekwisha"

Inasoma 3 gari likiwa sailensa, ambapo injini inakula matone. Presha bila wingi haina maana: filta iliyoziba nusu inaweza kuonyesha 3 nzuri kabisa, halafu bakuli likakauka ukikanyaga. Hapo mchanganyiko unakosa mafuta, na pistoni hutoboka.

Kipimo cha uhakika hakihitaji vifaa. Chomoa mpira kwenye kabureta, regulata ikiwa mahali pake, uelekeze kwenye chombo chenye alama za mililita. Fanya hivyo nje, injini ikiwa baridi, kizimamoto kando. Washa pampu sekunde 30. Kwa ile L24 ya lita 80 kwa saa unatakiwa kupata kama mililita 670. Ukipata 400, kabla hujailaumu pampu pima volti kwenye vituo vyake ikiwa inafanya kazi. Waya mwembamba uliochukuliwa kwenye swichi ya zamani unaweza kuipa volti 10 tu. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia fyuzi na rilei, rilei iamrishwe na swichi ya presha ya oili ili injini ikizima kwa ajali pampu ikate, na uweke kitufe cha kuizungusha wakati wa kuwasha. Swichi ya mshtuko, inayokata umeme gari likigonga, nayo ni nyongeza nzuri.

"Pampu mbili ni mara mbili ya kila kitu"

Zikifuatana kwenye bomba moja, presha ndiyo inajumlishwa. Zikikaa sambamba, ni wingi unaojumlishwa. Magari ya rali huwekewa mbili sambamba zaidi kwa ajili ya akiba: moja ikifa porini, dereva anabonyeza swichi ya pili. Kila moja iwe na fyuzi yake na vali ya kuzuia kurudi, la sivyo pampu iliyo hai itasukuma mafuta kupitia iliyokufa na kuyarudisha tangini.