Kabla ya Kuihukumu Filamu, Uliza Umetazama Nakala Gani

Ni mwaka 2163, na chombo cha angani Ikarie XB-1 kimebeba watu 40, wanawake kwa wanaume, kuelekea kwenye nyota za Alpha Centauri. Safari inapokaribia mwisho, mawingu ya sayari ngeni yanafunguka na wasafiri wanatambua kwamba chini yake kuna wenyeji. Ndivyo inavyomalizika filamu hiyo ya Chekoslovakia iliyoongozwa na Jindřich Polák mwaka 1963. Watazamaji wa Marekani hawakupewa mwisho huo. Msambazaji wao aliiita Voyage to the End of the Universe, akapunguza dakika kadhaa, akawatia waigizaji sauti za Kiingereza, akambatiza mwongozaji jina la Jack Pollack, na pale mawingu yanapofunguka akapachika picha za New York zilizopigwa kutoka angani, ili ionekane kwamba wasafiri hao ndio viumbe wa kigeni, na muda wote walikuwa wakija kwetu duniani. Hadithi ya binadamu wanaokwenda kuonana na viumbe wengine ikageuzwa kuwa kitendawili chepesi ambacho jibu lake likishatajwa hakuna sababu ya kukirudia.

Ninaanza na mfano huu kwa sababu kazi yangu ni kulinganisha nakala. Kwa miaka mingi nimeketi na kopi mbili au tatu za filamu moja, nikihesabu matukio, nikiandika kilichoondolewa na kilichoongezwa, na kazi hiyo imenifanya niamini kwamba filamu nyingi za bunilizi ya kisayansi zinazosemwa kuwa dhaifu hazijatazamwa bado. Kilichotazamwa ni mabaki yake, au ilitazamwa na watu walioahidiwa kitu kingine na bango la mlangoni. Aina nyingine za filamu nazo zilipitiwa na mikasi, lakini hii iliumia zaidi, kwa kuwa wasambazaji wengi waliihesabu kuwa burudani ya vijana isiyohitaji heshima ambayo filamu ya vita au ya mapenzi ingepewa.

Ikarie XB-1 kamili, ambayo ilirekebishwa na hifadhi ya taifa ya filamu ya Jamhuri ya Cheki na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2016, ni filamu ya utulivu. Hadithi yake ilichotwa, kwa uhuru mwingi, katika riwaya ya mwandishi wa Poland, Stanisław Lem. Polák anatumia muda wake kutuonyesha jinsi watu wanavyoishi ndani ya chombo: wanakula, wanafanya mazoezi, wanacheza dansi isiyofanana na dansi yoyote tunayoijua kwa muziki wa Zdeněk Liška, mzee mmoja anasafiri na roboti lake la zamani ambalo wenzake wanalicheka, na mtoto anazaliwa njiani. Kisha wanakutana na chombo kilichotelekezwa, wanaingia, na wanakuta maiti za karne ya 20 zikiwa zimevaa mavazi ya anasa katikati ya silaha za gesi na za nyuklia. Mmoja wa wasafiri anaitaja karne hiyo kwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na Hiroshima, mji uliopigwa bomu la atomiki. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyohitaji kwa ajili ya kazi, na kila mara kinachonigusa ni jinsi watu wa mwaka 2163 wanavyotembea kati ya maiti hizo kama sisi tunavyotembea katika jumba la makumbusho, kwa udadisi na karaha pamoja. Mtu akikupa kopi ambayo mwongozaji wake anaitwa Jack Pollack, irudishe.

Phase IV ya mwaka 1974 ilipoteza mwisho wake kwa njia nyingine. Ni filamu ndefu pekee iliyoongozwa na Saul Bass, msanii wa michoro aliyebuni maandishi ya ufunguzi ya Vertigo na Psycho, filamu za mwongozaji Alfred Hitchcock, na inahusu sisimizi. Bango lake lilionyesha sisimizi akitoka katika tundu lililotobolewa kwenye kiganja cha mtu, na mtazamaji aliingia akitarajia wadudu wakubwa kama magari. Alichokikuta ni sisimizi wa kawaida, wenye ukubwa wa kawaida, ambao wameacha kupigana wao kwa wao na wameanza kufikiri kwa pamoja. Wanasayansi wawili wanajifungia ndani ya kuba katika jangwa la Arizona ili kuwachunguza; mmoja anatafuta lugha yao kwa njia ya hisabati, mwingine anataka kuwashinda, na haichukui muda kabla ya kuba hilo kuwa chungu kinachopashwa moto na vioo vya udongo uliong'arishwa ambavyo sisimizi wamevijenga nje. (Mandhari ya jangwa, kwa anayependa kujua, yalipigwa picha Kenya, na sehemu za ndani katika studio za Pinewood, Uingereza.)

Picha za sisimizi zilipigwa na Ken Middleham, aliyekuwa ameshapiga picha za wadudu wa filamu ya The Hellstrom Chronicle miaka michache kabla. Kuna tukio moja ambalo linatosha kuitetea filamu nzima. Wanasayansi wamenyunyizia sumu ya manjano, na sisimizi mmoja anaokota kipande chake na kukiburuta ndani ya njia za chini ya ardhi. Anakufa njiani. Anakuja mwingine, anakipokea, anaendelea, anakufa. Anakuja mwingine tena. Hakuna maneno, hakuna msimulizi wa kutufafanulia, ni mwendo tu na vifo, mpaka kipande kinamfikia malkia, naye anakitumia kuzaa kizazi ambacho sumu hiyo haikiwezi. Huo ni utafiti wa kisayansi uliofanywa na upande wa pili, kwa gharama ambayo upande huo unaikubali bila kusita, na sijui filamu nyingine iliyowahi kuonyesha akili isiyo ya binadamu kwa vitendo vichache hivyo.

Bass alikuwa amepanga kumalizia kwa mfululizo wa picha za ndoto unaoonyesha maisha ya binadamu baada ya ushindi wa sisimizi. Mfululizo huo ulikatwa kabla filamu haijaingia sinemani, ikabaki na mwisho wa haraka unaowaacha watazamaji wakiulizana kilichotokea. Mwisho wa awali ulipatikana na kuonyeshwa hadharani Los Angeles mwaka 2012. Rangi zake katika kopi iliyopatikana zilikuwa zimefifia, na sitadai kwamba kila picha ndani yake inaeleweka, lakini unaifanya safari yote iliyotangulia iwe na mahali pa kufika.

Jina la Bass linanipeleka kwenye Seconds ya John Frankenheimer, ya mwaka 1966, kwa kuwa ufunguzi wake, wa uso unaovutwa na kupindwa mpaka haujulikani tena kuwa uso, ni kazi yake. Mfanyakazi wa benki wa makamo, aliyechoka na ndoa yake na treni yake ya kila jioni, analipa kampuni ya siri imtangaze kuwa amekufa, imfanyie upasuaji, na kumpa mwili wa kijana na maisha ya mchoraji kando ya bahari. John Randolph anaigiza mtu wa kabla ya upasuaji. Anapofunguliwa bandeji anakuwa Rock Hudson. Hapo ndipo biashara ilipoharibika. Wapenzi wa Hudson walimzoea katika vichekesho vya mapenzi, nao walilazimika kusubiri sehemu kubwa ya mwanzo bila kumwona, kisha wakamwona akitetemeka. Wapenzi wa bunilizi ya kisayansi nao hawakuona chombo wala roboti wakadhani si yao. Huko Cannes ilipokewa kwa uhasama, na huko Marekani tukio la watu wanaokanyaga zabibu wakiwa uchi lilipunguzwa, likabaki fupi kiasi cha kuonekana la vurugu kuliko lilivyokusudiwa.

Ninachowaomba watu wakitazame humo ni kazi ya mpiga picha James Wong Howe, ambaye wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 60 na hakuwa na haja ya kumthibitishia mtu chochote. Alitumia lenzi pana mno zinazopindisha kuta na kuvimbisha paji la uso, na kuna mahali kamera imefungwa kwenye mwili wa mwigizaji, hivi kwamba mtu anabaki palepale huku stesheni ya treni ikiyumba nyuma yake. Katika filamu nyingi mbinu ya namna hiyo ni madoido. Hapa inabeba maana yote, kwa sababu filamu inamhusu mtu asiyetoshea ndani ya mwili wake, wa kwanza wala wa pili. Sitasema inavyokwisha. Itoshe kusema kwamba wateja wa kampuni hiyo wana wajibu ambao haukuandikwa kwa herufi kubwa katika mkataba.

Wakati mwingine uharibifu ni mdogo kiasi cha kutoonekana. The Day the Earth Caught Fire, ya Mwingereza Val Guest, ya mwaka 1961, inadhania kwamba Marekani na Muungano wa Kisovieti zimelipua mabomu ya majaribio kwa wakati mmoja na kuitikisa dunia katika mhimili wake. Guest hakuwa na fedha za kuonyesha maangamizi ya ulimwengu, basi akayaweka ndani ya chumba cha habari cha gazeti la Daily Express, ambako yanaingia kidogo kidogo kama habari za hali ya hewa, na akampa nafasi ya mhariri Arthur Christiansen, ambaye kweli alikuwa amelihariri gazeti hilo. Mwigizaji mzuri hakuwa, ukweli lazima usemwe, lakini anashika karatasi kama mtu aliyeshika karatasi maisha yake yote. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe isipokuwa mwanzoni na mwishoni, ambako picha imetiwa rangi ya machungwa ili joto lionekane. Kopi nyingi nilizokutana nazo zilikuwa zimeipoteza rangi hiyo. Mwishoni matoleo mawili ya ukurasa wa mbele wa gazeti yako tayari kwa mtambo, moja likisema dunia imeokoka na jingine likisema imeangamia, na filamu inakatika hapo bila kuchagua. Toleo la Marekani liliongezewa sauti ya kengele za kanisa. Hakuna picha iliyoguswa wala neno lililobadilishwa, ila kengele zinamwambia mtazamaji ni ukurasa upi uliochapwa, na swali ambalo filamu nzima ililijenga kwa uvumilivu linajibiwa na fundi wa sauti.

Mbili nazipitia haraka kwa kuwa tatizo lao lilikuwa jina zaidi ya mkasi. Quatermass and the Pit ya mwaka 1967, iliyoandikwa na Nigel Kneale kutokana na tamthilia yake mwenyewe ya televisheni ya BBC, iliuzwa Marekani kwa jina la Five Million Years to Earth, jina linalotangaza siri ambayo wachimbaji wa stesheni ya reli ya chini ya ardhi wanaifukua hatua kwa hatua. Wazo lake kwamba hofu zetu za mashetani ni kumbukumbu za kitu kilichotokea kweli bado lina nguvu, ingawa tukio la wadudu wa Mirihi wanaotembea kama vikaragosi humchekesha hata mtu mwenye nia njema. Colossus: The Forbin Project ya Joseph Sargent iliingia sinemani mwaka 1970 kama The Forbin Project tu, jina ambalo lingeweza kuwa la filamu ya mkandarasi wa barabara. Inahusu kompyuta iliyokabidhiwa makombora yote ya Marekani, ambayo inagundua kwamba Wasovieti nao wana ya kwao. Kompyuta hizo mbili zinaanza kuzungumza kwa jedwali la kuzidisha, na baada ya muda mfupi zimefika kwenye hisabati ambayo hakuna binadamu anayeifahamu. Wanaokata mawasiliano yao wanajibiwa kwa makombora.

Welt am Draht ya Rainer Werner Fassbinder haikukatwa na mtu. Ilisahauliwa tu kwa sababu ilitengenezwa kwa televisheni ya Ujerumani Magharibi mwaka 1973, katika sehemu mbili zinazozidi saa tatu, kwa utepe mwembamba wa filamu wa milimita 16. Mhandisi anayesimamia ulimwengu wa kompyuta uliojaa watu wasiojua kwamba ni programu anaanza kushuku kwamba juu yake naye kuna msimamizi. Fassbinder na mpiga picha Michael Ballhaus walijaza vyumba vioo, kiasi kwamba ni nadra kumwona mtu bila kumwona na mfano wake, na watu wa pembeni wanasimama tuli kana kwamba bado hawajapewa amri ya kutembea. Ilirejeshwa kuonyeshwa Berlin mwaka 2010 baada ya kurekebishwa. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, na anayeichoka asiache kabla ya dakika yake ya mwisho.

Kwa Kin-dza-dza! ya Georgiy Daneliya, iliyotengenezwa na studio ya Kisovieti ya Mosfilm mwaka 1986, jambo la kukagua ni tafsiri. Wakazi wawili wa Muungano wa Kisovieti wanakutana mtaani Moscow na mtu asiye na viatu aliyeshika kifaa cha ajabu, mmoja anabonyeza kitufe, na mara wako kwenye sayari ya jangwa ambako karibu kila neno ni "ku". Sisi tuliozoea kuibandika ku- kila kitenzi tunacheka kabla ya wengine. Ila filamu yote inategemea maneno machache yaliyobaki, yanayoonyesha nani ana haki ya kusalimiwa na nani lazima ainame, na nimeona kopi ambazo mfasiri, kwa kutaka kusaidia, ameyageuza yote kuwa salamu za kawaida, hivi kwamba tabaka zima la wakubwa na wadogo linatoweka kwenye skrini. Tafuta kopi inayoyaacha maneno hayo kama yalivyo. Utaelewa kwa nini katika sayari hiyo mtu mwenye kiberiti mfukoni ni tajiri, na kwa nini wageni wetu, ambao hawakujua hilo, wanautumia utajiri huo kuwashia sigara.