Kinyonga Hapasuki, Fisi Hageuki Jike: Yanayosemwa Kuhusu Wanyama wa Nyanda za Juu Kusini

Mengi yanayosemwa Iringa na Mbeya kuhusu wanyama hayakutungwa hewani. Mtu aliona kitu, akakiona sawasawa, kisha akakosea kukieleza. Ukimjibu "uongo huo" hakusikii, kwa sababu macho yake anayaamini.

"Kinyonga akizaa hupasuka tumbo, akafa."

Vinyonga wengi hutaga: jike hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga na kufukia. Lakini wa milimani, kama kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Poroto, huzaa. Udongo wa kule ni wa baridi, kwa hiyo mayai hukomaa ndani ya mama mwenyewe, anayeota jua tawini. Siku ikifika, jike hutembea polepole juu ya tawi akiachia kitoto kimoja kimoja. Kila kimoja hutoka kikiwa kimefungwa ndani ya utando mwembamba unaonata. Utando hunasa kwenye jani au huanguka chini, kitoto hujinyoosha, utando unachanika, naye anaondoka kwa miguu yake. Kinachopasuka ni huo utando. Mama hubaki na tumbo lililonywea na ngozi imelegea, na aliyemwona jana amevimba ataapa kwamba amepasuka.

Sumu hana, wala kwenye meno wala kwenye mate. Na ukimkuta mweusi asubuhi ya baridi, si lazima awe amekasirika: rangi nyeusi hunyonya joto la jua haraka.

"Fisi mwaka huu dume, mwakani jike."

Hapa macho yana haki ya kuchanganyikiwa. Fisi madoa jike ana kiungo kirefu kinachofanana sana na cha dume, na chini yake kuna uvimbe unaofanana na korodani. Kwa njia hiyo hiyo anakojoa, anapandwa na anazaa. Mimba huchukua siku 110 hivi, na mara nyingi watoto ni wawili. Njia ni nyembamba na ina kona, hivyo katika uzao wa kwanza watoto wengi hukosa hewa na kufa njiani. Baada ya hapo njia imeshapanuka, kuzaa kunakuwa na nafuu. Jinsia haibadiliki kamwe. Ukitaka kukisia ukiwa ndani ya gari, angalia umbo: jike ndiye mkubwa zaidi, na anayenyonyesha ana chuchu zinazoonekana. Jike pia ndiye mtawala. Dume mgeni hula mwisho.

Ule usemi kwamba fisi anasubiri mabaki tu nao haufiki mbali. Huwinda, tena sehemu nyingi chakula chake kikubwa anakiua mwenyewe. Kinyesi chake cheupe kama chokaa kinatokana na mifupa anayoisaga na kuimeng'enya.

"Kiboko hutoka jasho la damu."

Si damu, na kwa hakika si jasho pia. Ni ute wa ngozi unaotoka bila rangi, ukawa mwekundu baada ya dakika chache, kisha kahawia. Humkinga na jua kali na kuzuia vijidudu kwenye majeraha, ambayo kwa ugomvi wao hayakosekani.

"Tembo yule analia."

Mstari wa maji kati ya jicho na sikio hutoka kwenye tezi ya shavuni. Kwa dume mkubwa, ukiuona pamoja na mkojo unaodondoka miguuni, huyo yuko kwenye kipindi cha ashiki na hana subira. Usimsogelee kwa ajili ya picha. Mwachie njia, na gari lisikae kati yake na kundi.

"Kipunji aligunduliwa na Wazungu."

Wanasayansi walimwona kima huyu kwenye mlima Rungwe mwaka 2003 na kumtangaza 2005. Jina walilikuta tayari limo vinywani mwa wenyeji wa mlimani.

"Ruaha ni kama bustani ya wanyama, ukifika tu unawaona wote."

Kutoka Iringa mjini hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ni kilomita 130 hivi, na hakuna aliyemfungia simba akusubiri. Faru usimtafute, Ruaha hayupo. Wengi hupanga safari majani yakiwa mabichi wakidhani ndipo wanyama wamejaa, ni kinyume. Wakati wa mvua maji yako kila mahali, wanyama hutawanyika na nyasi huwaficha. Nenda kati ya Julai na Oktoba, ukae karibu na madimbwi yaliyobaki kwenye Mto Ruaha Mkuu, kuanzia alfajiri.

Halafu mavazi. Watu huja na suruali ya jinzi na fulana nyeusi, kisha wanalalamika kwamba dawa ya mbu haifanyi kazi. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi pamoja na kitu kinachotembea, gari likiwemo, na dawa hizo humsumbua kidogo sana. Vaa kaki au kijani kilichopauka, kitambaa kizito, kwa sababu chepesi hukitoboa. Akiingia garini usifungue madirisha yote kumfukuza, wataingia wenzake. Mpige na kofia akiwa ametua kiooni.