Mfumo endeshi wa zamani kwenye kompyuta mpya: maana yake na mahali unapokwama

Mtu akisema anaendesha Windows XP au Windows 98 kwenye kompyuta ya leo, huenda anazungumzia moja kati ya mambo matatu. Huenda ameusakinisha mfumo moja kwa moja kwenye diski, ukawa unashughulika na vifaa vyenyewe. Huenda ameuweka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya mfumo wa kisasa, ila maagizo yake bado yanatekelezwa na prosesa halisi. Au anatumia uigaji kamili, ambapo hata prosesa ni ya kubuni na kila agizo hutafsiriwa na programu. Ushauri wa njia moja mara nyingi haufai kwa nyingine, kwa hiyo ukiomba msaada, taja kwanza uko kwenye ipi.

Wengi huilaumu prosesa, na kwa kawaida haina kosa. Prosesa za Intel na AMD za kompyuta za kawaida bado zinayaelewa maagizo yaliyoandikwa kwa 8086, prosesa ya Intel ya mwaka 1978. Kinachogoma ni vile vinavyoizunguka, kwa sababu mfumo wa mwaka 2001 unavijua tu vifaa vya enzi zake.

Kikwazo cha kwanza ni programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama. Windows XP ya biti 32 inategemea BIOS ya kale, ilhali ubao wa leo unatumia mrithi wake, UEFI. Daraja kati ya hizo mbili huitwa CSM. Kama ubao wako unayo, iwashe na uzime Secure Boot, ulinzi unaozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka. Kama hauna, na mbao nyingi mpya hazina, achana na usakinishaji wa moja kwa moja. Windows 7 ya biti 64 inaijua UEFI, lakini nayo bila CSM hukwama kwenye nembo ya kuwaka, kwa kuwa bado inaiomba BIOS ya kale iionyeshe picha.

Kisha inakuja diski. Kisakinishi cha XP hakina draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya AHCI, njia ya kisasa ya kuzungumza na diski za SATA, hivyo kinaishia kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Namba hiyo maana yake ni kwamba mfumo umeanza kuwaka kisha ukashindwa kuifikia diski uliyoanzia. Si dalili ya diski mbovu. Dawa ni kubadili kidhibiti cha SATA kiwe IDE, njia ya zamani, kwenye mipangilio ya ubao, kama chaguo hilo lipo, au kuichomeka draiva ndani ya faili ya ISO, yaani picha ya diski ya kusakinishia, kabla ya kusakinisha. Kubonyeza F6 kisakinishi kinapoanza nako ni njia, ila XP itaitafuta draiva kwenye diski laini, kifaa ambacho karibu hakuna kompyuta mpya inayo. Diski za NVMe, zile za kisasa zenye kasi, ni ngumu zaidi: hata Windows 7 haizioni mpaka iongezewe sasisho KB2990941.

USB ndiyo inayowachosha watu wa Windows 7. Kuanzia mbao za Intel za kizazi cha Skylake, mwaka 2015, kidhibiti cha USB 2.0 kiliondolewa, zikabaki na kile cha USB 3.0 ambacho Windows 7 haikukijua. Kisakinishi kinafunguka vizuri, halafu kibodi na kipanya havijibu. Draiva inabidi iingizwe kwa DISM, zana ya Windows ya kuhariri faili za usakinishaji, katika faili mbili, boot.wim (picha namba 2) na install.wim. Ukiiweka kwenye boot.wim peke yake, usakinishaji utakwenda salama, kisha baada ya kompyuta kujiwasha upya kipanya kitakufa tena.

Kuna pia matatizo yanayoletwa na wingi na kasi. Windows 98 yenye zaidi ya megabaiti 512 za RAM huweza kulalamika kwamba kumbukumbu haitoshi, kichekesho kwa mwenye gigabaiti 16. Akiba yake ya diski (sehemu ya RAM inayoshika data za diski) hujitanua kulingana na RAM iliyopo na kumaliza anwani za kumbukumbu ambazo mfumo wenyewe unazihitaji. Fungua system.ini, faili ya mipangilio ya Windows, kisha chini ya [vcache] andika MaxFileCache=262144, na chini ya [386Enh] andika MaxPhysPage=20000. Namba hiyo ya pili imeandikwa kwa namba za msingi wa kumi na sita (hexadecimal), na inaufunga mfumo kwenye megabaiti 512. Windows 95 nayo hupima kasi ya prosesa kwa kuzungusha kitanzi na kugawanya kwa muda kilichotumia. Prosesa ikiwa ya haraka mno muda husomeka kuwa sifuri, na mfumo unaanguka kabla ya kumaliza kuwaka.

Kwa kazi nyingi, mashine pepe ndiyo njia ya busara, maana inauonyesha mfumo vifaa unavyovijua. Kwa XP kwenye QEMU, programu ya mashine pepe, mpangilio huu unatosha: diski ya IDE, RAM ya megabaiti 512, kadi ya michoro ya cirrus, kadi ya mtandao ya rtl8139 na sauti ya AC97. Usiongeze prosesa nyingi kwa Windows 98. Inatumia moja tu. Ikiwa Windows 98 inaanguka ovyo ndani ya mashine pepe kwenye AMD za Zen 2 na kuendelea, au Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, chanzo ni kosa la mfumo wenyewe katika kusafisha jedwali la anwani, kosa ambalo prosesa za zamani zililivumilia. Kiraka kinachoitwa patcher9x hulirekebisha.

Uigaji kamili, kwa mfano wa programu ya 86Box, unafaa pale programu inapodai kadi fulani ya sauti au mwendo wa kasi ya zamani. Gharama yake ni nguvu: kuiga Pentium II kunaweza kuichosha hata prosesa nzuri ya leo.

Kuhusu intaneti, Internet Explorer 8 kwenye XP inaishia TLS 1.0, toleo la zamani la ulinzi wa mawasiliano ya tovuti, hivyo tovuti nyingi hazitafunguka. Na kwa kuwa msaada wa XP ulikoma Aprili 2014, mashine pepe yake ni heri ikatwe mtandao kabisa na faili zipitishwe kwa picha ya ISO.

Mashine za karakana na maabara zinazoendeshwa kwa kadi ya ISA, aina ya kale ya kadi ya kuchomekwa kwenye ubao, zina hali yao. Kifaa cha USB au mlango wa siriali huweza kupitishwa hadi ndani ya mashine pepe. Kadi ya ISA haiwezi, kwa sababu ubao mpya hauna hata pa kuichomeka. Hapo kinachotakiwa ni ubao wa viwandani wenye nafasi ya ISA, pamoja na nakala ya diski nzima iliyochukuliwa mapema.